Dundu wa Kijani na Firigisi ya Mwalimu

Watu wakiniuliza mbona niliishia darasa la nne, huwa nawajibu kwamba ni dundu. Wanacheka. Wanadhani ni mzaha wa mama wa sokoni. Basi nimeamua kuandika jinsi ilivyokuwa, na waliofanya nitawataja. Majina sitayaweka, maana wana watoto, na watoto hawana makosa. Lakini nitasema nani alikuwa nani na alifanya nini, na mwenyewe akisomewa atajijua.

Nianze na dundu, kwa sababu usipomwona yeye hutaelewa haya mengine.

Kwetu ni huku ziwani, kati ya Sindo na Kisegi. Nyuma ya boma la ng'ombe la baba mdogo kulikuwa na lundo la samadi la siku nyingi, limekuwako tangu kabla sijazaliwa. Miaka ile ya mwanzo ya sitini mvua ilinyesha mpaka ziwa likapanda na kumeza mashamba ya chini, na lundo nalo likalowa hadi ndani. Ukilichimba kwa kijiti unakuta mabuu meupe, manene kama kidole, wamejikunja. Buu huyu ana miguu sita, nimeihesabu mara nyingi, lakini ukimweka chini haitumii. Anajigeuza chali na kutambaa kwa mgongo, miguu yote juu inapunga hewa bure. Nikikumbuka maisha yetu ya nyumbani pale, mimi na mama yangu, namkumbuka yule buu.

Kuku waliwapenda sana. Waliowaponyoka kuku walijijengea kijumba cha udongo mgumu, kama yai la njiwa, wakalala humo. Mvua ikija wanatoboa na kutoka wakiwa madundu.

Mgongo wa dundu huyo ulikuwa kijani, lakini si kijani cha majani. Baba yangu mzazi alifanya kazi kwenye machimbo ya shaba upande wa Migori, na safari moja alirudi na jiwe mfukoni, jiwe la kijani ambalo alisema ndani yake mna shaba. Kijani cha dundu kilikuwa kile. Ukimgeuza kidogo juani kijani kinakimbia, kinakuwa cha manjano, halafu kama moto. Tumboni alikuwa na rangi ya shaba iliyosuguliwa kwa jivu, na vinywele vifupi kama vumbi. Urefu wake ni pingili ya juu ya kidole gumba cha mtu mzima. Kichwa ni kidogo, bapa mbele, kama jembe lililolika. Ana vipapasio viwili, na mwisho wa kila kimoja kuna vibapa vitatu vyembamba: akitulia anavifungua kama mtu anayetazama karata zake, akiogopa anavifunga. Miguu ya mbele ina meno ya kuchimbia. Ya nyuma ina miiba. Na kila mguu unaishia kwa kulabu mbili ndogo, kali kuliko ndoana. Akikushika kidole usimvute, atakuchana. Mwinue polepole kutokea nyuma. Juu ya mgongo, katikati ya mabega, ana pembetatu kama kiraka kilichoshonwa na fundi mzuri.

Sasa lile lililonimaliza. Vile vifuniko viwili vigumu vya mgongoni, dundu huyu akiruka havifungui. Madundu wengine wote tuliowajua, yule mweusi anayeviringisha mavi, yule wa kahawia anayejigonga kwenye taa, hufungua vifuniko kama milango ndipo mbawa zinatoka. Wa kijani hafanyi hivyo. Chini kidogo ya bega kifuniko chake kimekatwa ubavuni, kama kwapa la shati, na mbawa zinateleza nje kupitia hapo, ndefu kuliko mwili wake, rangi ya ganda la kitunguu. Anaruka mgongo umefungwa, anavuma kama cherehani.

Nilijua kwa sababu nilitazama. Watoto wote tulikuwa tukiwafunga madundu kwa nyuzi za nyavu kuukuu, fundo kwenye mguu wa nyuma, tunawazungusha wanavuma. Wenzangu walitaka ile kelele. Mimi nilitaka kujua mbawa zinatokea wapi, maana mlango sikuuona. Nililala kifudifudi siku nzima karibu na lundo mpaka nikaona. Nilikuwa na miaka kumi, labda kumi na mmoja.

Wakati huo baba alikuwa ameshafariki, homa ilimkamata huko huko Migori. Kwa mama tulizaliwa sita. Surua iliwachukua watatu kwa mwezi mmoja, na wengine wawili walikwenda mmoja mmoja. Mimi ndiye niliyebaki. Mama akarithiwa na baba mdogo, kama desturi yetu ilivyo, akawa mke wa pili katika boma ambalo mke wa kwanza, mama mdogo, alikuwa na ulimi wa kukatia miwa. Vitu viwili tu baba aliniachia: lile jiwe, na Kiswahili. Machimboni walikuwa wamechanganyika makabila yote, wakizungumza Kiswahili, na kila akija nyumbani alinifundisha. Watoto wenzangu walijua Dholuo tu, lugha yetu, na nyimbo za kanisa.

Na kabla hajafa alikuwa amemwambia mama neno moja: huyu asome. Mama alilishika hilo neno kama mtu anavyoshika kamba kisimani.

Shuleni kwetu ulikuwa mwaka wa mtihani wa darasa la nne. Wengi waliishia hapo. Lakini masista upande wa Asumbi walikuwa na bweni la wasichana, na mwaka ule shule yetu ilipewa nafasi ya msichana mmoja. Mmoja tu. Barua ya kumtaja aandike mwalimu mkuu. Wasichana tulikuwa wanne darasani, na wa kwanza nilikuwa mimi, muhula baada ya muhula, na mwalimu mwenyewe alikuwa amemwambia mama hadharani nje ya kanisa, "Mama, anza kumtafutia mtoto sanduku." Mama alilia barabara nzima. Akaazima sanduku la mbao kwa jirani, akaliweka chini ya kitanda, tupu, akawa analipangusa vumbi kila Jumamosi.

Huyo mwalimu ndiye wa kwanza ninayemtaja. Alikuwa mtu wa upande wa Migori, ng'ambo ya mto Kuja, mrefu, na suruali yenye mkunjo wa pasi mkali kama kisu. Alikuwa na baiskeli ambayo jina lake refu limechorwa kwa rangi nyeupe. Hakuwa mtu mbaya kila siku. Hilo ndilo linaloniuma. Alinipa kalamu yake ya risasi mara mbili.

Tulisikia mkaguzi anakuja kutoka Homa Bay. Mzungu, mzee. Watu walisema anapenda wadudu kuliko watu. Basi mwalimu akaandaa somo la maumbile. Akachora dundu ubaoni kwa chaki za rangi, mkubwa kama mbuzi, vifuniko viwili vimeinuka juu. Tukafundishwa kuimba: "Dundu akitaka kuruka, hufungua vifuniko vyake viwili!" Tuliimba wiki nzima. Kisha akaamuru siku ya mkaguzi kila mmoja aje na dundu wake, ili shule ionekane ya kazi.

Nikapeleka wa kijani. Kwani ningepeleka yupi? Ndiye aliyekuwa mzuri.

Mkaguzi alikuja na kaptula, magoti mekundu, na kioo cha kukuzia kinaning'inia shingoni. Tukaimba. Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaanza kupita kati ya madawati, alipofika kwangu akasimama. Akainama mpaka nikaona nywele za masikio yake.

"Eeh! Hii muzuri. Wewe, toto, hii dudu nataka ruka, nafanya nini?"

Mwalimu akaanza kunitafsiria, lakini mimi nilikuwa nimeshaelewa, na nikamjibu mzungu mwenyewe moja kwa moja, Kiswahili cha baba.

"Huyu hafungui, bwana."

Mwalimu akacheka kidogo, kicheko cha meno. "Mtoto huyu amechanganyikiwa, bwana. Ni yatima."

"Hapana," nikasema. Mungu wangu, nilisema hapana. "Wale wengine wanafungua. Huyu anatoa mbawa hapa kwapani."

"Keti chini!" mwalimu akaniambia kwa Dholuo.

"Acha yeye," mzungu akasema. "Toto, onyesha."

Nikamtoa kwenye kopo, nikaushika uzi, nikamrusha. Akazunguka juu ya kichwa changu akivuma, mgongo wake umefungwa kama sanduku, kijani kinawaka na kuzimika kila akipita dirishani. Watu wote walimwona. Nyuma yake ubaoni yule wa chaki alikuwa ameinua milango yake miwili, hawezi kuishusha.

Mzungu akapiga magoti sakafuni na kioo chake. Alipoinuka alikuwa anacheka kama mtoto. Akamgeukia mwalimu akasema, na kila mtu alisikia, "Mwalimu, hii toto natazama na macho. Wewe natazama na chaki."

Kama mambo yangeishia hapo kwenye kusema tu, labda yangepita. Lakini wavulana wa nyuma wakacheka, kisha shule nzima ikacheka, hata wasiojua Kiswahili walicheka kwa sababu waliona uso wa mwalimu.

Mkaguzi ni wa pili kumtaja. Alitaka kusifu, najua. Akampa mwalimu mkono, akamwambia shule yake ni nzuri, watoto wanaona. Lakini mtu anayepita na gari hajui anachoacha nyuma. Akamtia dundu wangu kwenye kikopo cha dawa, akatoa daftari. "Nani napata hii dudu?" Mwalimu akamjibu kwa Kiingereza, akataja jina. Jina langu ni fupi. Lile lililoandikwa daftarini lilikuwa refu, na mwanzo wake niliujua kwa sababu nilikuwa nikiusoma kila asubuhi kwenye baiskeli.

Mimi sikusema kitu. Nilikuwa na furaha mno. Nilikimbia mpaka nyumbani kumwambia mama.

Yaliyofuata yalikuwa ya wavulana. Mwalimu akipita, mmoja anabana mikono ubavuni na kuvuma, vuuuu, mgongo wima. Mwingine anaita kutoka nyuma ya choo, "Chaki! Nyosha vifuniko!" Aliwachapa. Wakavuma zaidi. Akaugua homa siku tatu, na hapo ndipo kijiji kikaanza kusema. Kwenye kisima wanawake walisema yule mtoto wa marehemu ana kitu. Baba yake si alikaa Migori, karibu na mpaka, na hatujui alirudi na nini huko? Si kuna jiwe? Mtoto gani anamshinda mwalimu kwa mdudu?

Mwalimu alipopona mama alikwenda kumsalimu, na kumuuliza kuhusu barua. Nilikuwa nyuma yake, nimeshika kanga yake.

"Barua ipi, mama?"

"Ya Asumbi, mwalimu. Ulisema nitafute sanduku."

Alitutazama. "Mtoto wako ana macho," akasema. "Mkaguzi mwenyewe amesema. Basi mtafutie kazi ya macho. Mwewe wanamaliza vifaranga vyenu, achunge kuku."

Mama hakunipiga. Njiani alitembea mbele, mimi nyuma, na tulipofika alipiga magoti mlangoni kwa baba mdogo. Alimwambia, "Nisaidie. Mwite mwalimu ale hapa kwako, wewe ndiye mwenye boma. Tumwombe radhi kwa chakula."

Baba mdogo alikuwa anachonga mpini. "Kwa nini nitumie kuku wangu kumpeleka mtu kwa masista?" akauliza. "Akienda Asumbi ataolewa na nani, na msalaba?"

"Ni neno la ndugu yako."

Hapo akauweka mpini chini. Neno la marehemu huwezi kulipita hivi hivi. Akakubali, lakini kwa jinsi mtu anavyokubali mzigo wa mwenzake, yaani akitafuta mahali pa kuuangusha.

Mwalimu alikubali kuja Jumapili baada ya kanisa. Hiyo ilikuwa dalili nzuri. Mama alisema mtu asiyetaka kusamehe hali chakula chako. Sanduku lilipanguswa tena.

Sasa nieleze jambo ambalo kwetu hata mtoto wa miaka mitatu analijua, lakini wewe msomaji labda ni wa kwingine. Kuku akichinjwa kwa heshima ya mgeni, mgeni mwanamume hupewa firigisi. Kidari ni nyama, paja ni nyama, lakini firigisi ni salamu. Mwanamke hali firigisi. Mgeni akifunua bakuli asiione firigisi, hata mngempa kuku watatu, mmemwambia, wewe si mtu. Wako waliovunja uchumba kwa firigisi.

Baba mdogo akamchinja jogoo mwekundu, mkubwa, yule aliyekuwa anashinda kwenye lundo la samadi. Mimi nikapewa kumnyonyoa na kumpasua, nyuma ya jikoni, na kisu kidogo. Mama alikuwa ndani anasonga ugali, kuon ya wimbi, uso umefunikwa na moshi. Nikatoa utumbo, nikatoa maini. Nikaipasua firigisi katikati kama nilivyofundishwa, ili nitoe uchafu na kubandua ngozi ya ndani.

Ikawaka.

Ndani ya changarawe na punje za mtama mlikuwa na vipande vya kijani. Vifuniko viwili, kimoja kizima kabisa, vilikuwa vinang'aa kana kwamba tumbo la kuku halikuwapo. Ile pembetatu ya mgongoni ilikuwapo. Mguu mmoja wenye kulabu. Na kichwa kile kama jembe. Mawe yote ya firigisi yalikuwa yamesaga na kusaga na hayakuweza kuumaliza ule mng'aro.

Ningekuwa mtu mwenye akili ningefanya nini? Ningemwaga, ningebandua ngozi, ningeosha kwa chumvi, basi. Ni uchafu wa kuku, kuku anakula wadudu. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kutazama. Nikaona ni ajabu, nikataka na mwingine aone.

"Mama mdogo, njoo uone!"

Akaja. Akatazama kiganjani mwangu. Akajishika kifua.

"Uuuwi! Umemfanya nini kuku wangu?"

"Amemla dundu, mama mdogo. Tazama, hata—"

"Nyamaza! Mwalimu ameumwa siku tatu kwa ajili ya dundu lako, kijiji kizima kinasema, na leo mnataka kumlisha firigisi iliyokaa na dundu lile lile? Akiumwa tena watasema ni nani? Watasema ni nyumba hii! Watasema ni mimi, kuku ni wangu!"

"Tutaosha," nikasema.

"Uchawi hauoshwi kwa maji!" Akaninyang'anya firigisi, yote, pande zote mbili, akamtupia mbwa. Mbwa hakutafuna hata.

Mama alitokea mlangoni na mwiko. Aliona mbwa akimeza. Aliniona mimi. Mama mdogo akamwambia, "Funga mdomo wako, usije ukaua mtu hapa." Na mama, ambaye alijua desturi kuliko sisi wote, na ambaye angeweza kukimbilia kwa jirani akaomba kuku mwingine achinjwe, maana jua lilikuwa bado, mama akarudi ndani kusonga ugali. Nampenda mama yangu. Nilimzika mwenyewe. Lakini nilisema nitawataja waliofanya, na yeye yumo.

Mwalimu alifika na baiskeli, suruali na mkunjo wake. Akanawa. Mimi ndiye niliyemshikia maji, nikaona vidole vyake vina chaki kwenye kucha. Aliniambia, "Oyawore, nyathina," habari ya asubuhi, mwanangu. Sauti ya chini tu. Nakumbuka hiyo. Nadhani alikuwa amekuja kusamehe.

Bakuli likawekwa. Baba mdogo akasali. Mwalimu akamega tonge, akachovya mchuzi, kisha akaanza kutafuta kama mgeni anavyotafuta, bila kuonyesha. Akageuza paja. Akageuza shingo. Akageuza mgongo wa kuku. Baba mdogo akawa anazungumzia mvua.

"Jaduong'," mwalimu akamwambia, mzee, "huyu kuku wenu alizaliwa bila firigisi?"

Baba mdogo akatazama bakuli. Kweli hakujua, hilo nampa. Lakini aliangalia kitu kingine pia, niliona machoni mwake: aliona mahali pa kuuangusha ule mzigo.

"Nani amekula firigisi ya mgeni?" akapaza sauti.

Kisha mama mdogo, yule mwenye ulimi, akajibu kutoka ndani, sauti ya asali, "Si msichana ndiye aliyempasua kuku?"

Wote wakanitazama mimi, birika la maji mkononi. Msichana amekula firigisi. Na si firigisi ya nyumbani, ya mwalimu. Hata leo sijui wizi gani wa kutia aibu kuliko huo.

Nikamtazama mama kupitia mlango. Alikuwa ameshika ukingo wa chungu, anatikisa kichwa polepole: usiseme. Alitaka nichukue hilo kosa. Mtoto mlafi huchapwa, na baada ya kuchapwa husamehewa. Watoto wote ni walafi. Leo naelewa hesabu yake. Lakini mimi nilikuwa sijala.

"Sikula," nikasema. "Ndani yake mlikuwa na dundu wa kijani. Mama mdogo akasema ni uchawi, akampa mbwa."

Mwalimu hakukasirika kwa sauti. Aliliweka tonge lake chini, zima. Akanyosha mikono, na ilibidi mimi nimmiminie maji tena anawe. Akavaa kofia. Akamwambia baba mdogo, "Mngenikataa tu kwa mdomo. Hamkuwa na haja ya kunicheka mara ya pili, kwa mdudu yule yule." Akaichukua baiskeli yake. Hakuipanda mpaka alipotoka nje ya boma, maana alikuwa mtu wa adabu.

Baba mdogo akavuta bakuli lote kwake. Akala paja. "Basi," akasema, "Mungu amesema."

Barua ilikwenda Asumbi na jina la binti wa dada yake mwalimu, aliyeletwa kutoka Migori na alikuwa amesoma kwetu mihula miwili. Alikuwa msichana mpole. Sanduku lililokuwa chini ya kitanda, jirani alikuja kulichukua, mwanawe anaoa. Mimi nilichunga kuku. Kwa macho, kama nilivyoambiwa. Nilipofika miaka kumi na mitano nikaolewa huko huko Migori, karibu na Wakuria, na ng'ombe wakaingia bomani kwa baba mdogo, na lundo lake la samadi likakua. Ya ndoa ile sitaandika. Nilitoka hai, na meno mengi. Kiswahili cha baba ndicho kilichonilisha: mwanamke anayeweza kuzungumza na Mkuria, na dereva, na askari wa mpakani, huyo anaweza kuuza omena, dagaa wetu wa ziwani, popote.

Mwalimu alipandishwa cheo, akahamishiwa Homa Bay. Nilisikia ni kwa ripoti nzuri ya mkaguzi: watoto wake wanaona. Na dundu wangu, sijui. Labda yuko kwenye droo huko Ulaya, amechomwa pini mgongoni, na chini yake jina refu la mtu ambaye hakuwahi kumtazama.

Juzijuzi nilikuwa Sindo siku ya soko, na omena wangu kwenye gunia. Mzee mmoja akasimama, fimbo mkononi, suruali mkunjo mkali. Nilimjua kwa ule mkunjo. Akaokota omena wawili watatu, akanusa, akavunja mmoja.

"Hawa ni wa lini?"

"Wa jana, mwalimu."

Akainua uso. Akanitazama muda. "Wewe si yule wa dundu?"

"Ndiye."

"Aaa." Akatazama huku na huku, kama mtu anayetaka kuuliza bei ya kitu cha aibu. Nikafikiri: sasa. Sasa atasema. Hata kama ni neno moja, nusu ya neno, hapa kati ya samaki. Nilikuwa nimelingoja tangu nina miaka kumi na mmoja.

Akainama. "Nikuulize, mama, tumezeeka sasa, hakuna ubaya. Siku ile kwenu. Ile firigisi. Uliila?"

Nilimtazama. Nilimwambia kweli siku ile nikiwa na birika mkononi, na miaka yote hii aliibeba kama uongo. Nilimwambia kweli darasani pia, dundu akizunguka juu yetu sote. Kweli zangu mbili zilinipeleka wapi, naona: kwenye hili gunia.

"Niliila, mwalimu," nikasema. "Mbichi. Ilikuwa tamu."

Akacheka mpaka fimbo ikatetemeka. "Nilijua!" akasema. "Nilimwambia mke wangu, yule mtoto aliila. Nilijua tu!" Akafuta machozi, akanishika bega, na uso wake ulikuwa umepumzika kabisa, kama mtu aliyetolewa mwiba.

Nikampimia omena wake. Nikaweka na nyongeza juu, konzi mbili, kwa kuwa ndivyo soko lilivyo. Akaenda zake akiwa bado anacheka.